Dani amesahau PIN ya M-Pesa tena? Usikimbilie kusema "ni uzee tu"

Ukikaa Milimani hapa Kisumu, unaweza kuishi miaka mitano mlango wa pili na mgonjwa wa dimenshia na usijue. Mageti ni marefu, soja hasemi mambo ya ndani, na mzee anayemtafuta marehemu mkewe kila jioni ana mtu wa kumfungia mlango. Vuka Ring Road uingie Nyalenda uone tofauti. Mama mzee akitoka saa kumi alfajiri akisema anaenda shule, ploti nzima inajua, na kuna jirani atamshika mkono amrudishe. Lakini pande zote mbili za barabara, ukiuliza mzee ana shida gani, jibu ni moja: "Ni uzee tu."

Hilo jibu linatugharimu sana. Linafanya watu wenye shida inayotibika waachwe bila tiba. Linafanya familia zianze kugombania shamba na nyumba za kupangisha wakati mwenyewe hawezi tena kuamua. Na mzigo wote linauweka kwa mtu mmoja ambaye hakuna aliyemuuliza kama anauweza. Mara nyingi mtu huyo ni kijana.

Kwa hivyo kama una miaka 23 na unajiuliza hii inakuhusu vipi, jibu ni kwamba simu itakupata wewe. Familia ikikaa kikao kuamua nani atamchunga nyanya, wanaangalia nani hana kazi ya ofisi, nani hana watoto, nani amemaliza shule au ameiacha njiani. Mimi niliacha chuo, na najua vile watu wa nyumbani wanakuona: uko huru, huna la kufanya, njoo usaidie. Kama ni msichana, hata hawaulizi.

Tuanze na jina

Dimenshia si ugonjwa mmoja. Ni jina la hali ambapo ubongo unaharibika polepole hadi kumbukumbu, lugha, uamuzi na tabia vinaathirika, na mtu anashindwa kuendesha maisha yake ya kila siku. Magonjwa yanayoileta ni mengi. Alzheimer ndio mkubwa zaidi, na Shirika la Afya Duniani linasema unachangia asilimia 60 hadi 70 ya visa. Kuna inayoletwa na mishipa ya damu kuziba kichwani, hasa kwa watu wenye presha, kisukari au waliopata kiharusi. Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa, nao unaweza kufika huko ukikaa mwilini miaka mingi.

Kuna nyingine haianzi na kusahau kabisa. Februari 2023 familia ya mwigizaji Bruce Willis ilitangaza kwamba ana aina inayoshambulia sehemu ya mbele ya ubongo. Hiyo huanza na tabia au kuongea. Mzee aliyekuwa mpole anaanza kutukana wageni, anatumia pesa ovyo, hajali tena hisia za mtu. Hapa kwetu huyo ataambiwa ameharibika au amerogwa, na hakuna atakayefikiria ubongo.

Shirika hilo hilo linasema watu milioni 57 duniani walikuwa na dimenshia mwaka wa 2021, na zaidi ya asilimia 60 wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Yaani sisi. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya takriban milioni 2.7 wenye miaka 60 na zaidi, na idadi hiyo itaendelea kupanda kwa sababu watu wanaishi muda mrefu kuliko zamani.

Kusahau gani ndio shida?

Kila mtu husahau. Hata wewe umewahi kuingia chumbani ukasimama ukijiuliza ulikuwa unatafuta nini. Uzee wa kawaida unapunguza kasi: jina linakuja baada ya dakika kadhaa, miwani inapatikana baadaye juu ya friji. Dimenshia ni kitu kingine. Angalia haya:

- Dani akisahau PIN mara moja, hiyo ni kawaida. Akishikilia simu asijue hata PIN ni ya kazi gani, na amekuwa akituma pesa miaka 10, hapo kuna jambo.
- Anauliza swali moja mara sita kwa saa moja, na kila mara ni kama ndio mara ya kwanza.
- Anapotea njiani akielekea soko la Jubilee, njia aliyoipita maisha yake yote.
- Anashindwa kupika kitu alichopika miaka 40. Samaki ana chumvi mara tatu, au hajatiwa kabisa.
- Anamshtaki msichana wa kazi kwamba ameiba pesa ambazo yeye mwenyewe amezificha.
- Alikuwa mjanja wa hesabu, sasa matapeli wa simu wanamla kila wiki.

Jambo la kuangalia ni mabadiliko. Unamlinganisha mtu na vile alivyokuwa yeye mwenyewe miaka miwili iliyopita. Jirani yako wa rika lake si kipimo.

Kwa Dholuo watu husema wiye owil, amesahau, na mazungumzo yanaishia hapo. Neno ni lile lile kwa aliyesahau miwani na kwa aliyesahau jina la mwanawe. Ikizidi, watu wanaanza kunong'ona kuhusu juogi, chira au uchawi. Na uchawi hapa Nyanza si mzaha. Mei 2008 watu 11 walichomwa moto Kisii kwa tuhuma za uchawi. Oktoba 2021 akina mama wanne wazee waliuawa Marani, kaunti hiyo hiyo, kwa tuhuma kama hizo. Sisemi waliouawa walikuwa na dimenshia. Ninachosema ni kwamba mahali ambapo mzee anaweza kuuawa kwa kushukiwa, mzee anayetembea usiku akiongea peke yake yuko hatarini.

Hospitalini wanaangalia nini

Wengi wanafikiri kupima dimenshia ni kuingizwa kwenye mashine kubwa halafu kompyuta inatoa jibu. Si hivyo. Kazi kubwa ni maswali, na maswali mengi anaulizwa wewe uliyemleta. Ilianza lini? Ilikuja polepole au ghafla? Anaoga mwenyewe? Anatumia dawa gani? Amewahi kuanguka? Kwa hivyo usimtume dani na dereva wa tuktuk. Nenda naye mtu anayeishi naye.

Halafu kuna vipimo vya damu, na hapa ndipo "ni uzee tu" inaua watu kimyakimya. Kuna magonjwa yanayofanana na dimenshia ambayo yana tiba. Ukosefu wa vitamini B12. Tezi ya thairoidi kufanya kazi chini ya kiwango. Kaswende iliyokaa mwilini miaka mingi bila kutibiwa. Msongo mzito wa mawazo, hasa baada ya kufiwa, unaweza kumfanya mtu aonekane amepoteza akili. Dawa fulani za usingizi na za mzio zinachanganya wazee. Na kuna damu inayovuja taratibu chini ya fuvu: mzee anaanguka bafuni, anasema yuko sawa, wiki tatu baadaye anaanza kuchanganyikiwa. Hiyo inaonekana kwa picha ya CT na daktari wa upasuaji anaweza kuitoa.

Zingatia neno "ghafla". Mtu aliyekuwa sawa Jumatatu na Jumatano hajui yuko wapi, hiyo si dimenshia ya kungoja kliniki ya mwezi ujao. Inaweza kuwa maambukizi, malaria, sukari kushuka au kiharusi. Hiyo ni dharura, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Baada ya hapo kuna mtihani wa akili. Ule unaojulikana sana unamtaka mgonjwa achore saa, atoe 7 kutoka 100 mara kadhaa, akumbuke orodha ya maneno. Shida yake ni kwamba mama ambaye hakupelekwa shule hajawahi kushika kalamu kuchora saa. Atafeli hata kama ubongo wake uko imara.

Majirani zetu Watanzania waliliona hilo. Watafiti waliofanya kazi wilaya ya Hai, chini ya Kilimanjaro, walikuta kiwango cha dimenshia kwa watu wa miaka 70 na zaidi ni kama asilimia 6.4. Wakasaidia kutengeneza mtihani mfupi unaoitwa IDEA kwa watu ambao hawakusoma. Badala ya kuchora, mzee anapanga njiti za kiberiti kufuata umbo alilooneshwa. Anaulizwa daraja ni nini. Anataja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja. Anakumbushwa maneno aliyosikia mwanzoni. Hautoi jibu la mwisho, lakini unasema nani anafaa kumwona daktari.

Kiberiti ni shilingi ngapi dukani?

Kisumu imeshawahi kufanya hivi

Ukiwa na miaka 25 huenda hukumbuki, lakini waulize wakubwa wako. Ukimwi ulipoingia huku ziwani, wengi waliuita chira. Mtu anakonda, familia inatafuta mwiko gani umevunjwa, mifugo inauzwa, na mgonjwa anakufa bila kupimwa. Leo Kisumu ni mji ambapo kijana anaweza kusema hali yake hadharani na maisha yakaendelea. Ugonjwa ulipata jina, kipimo kikafika mitaani, dawa za ARV zikapatikana, na watu wa kawaida wakafunzwa kutembelea nyumba moja baada ya nyingine.

Na kuna kingine kinachounganisha haya mawili. Utafiti wa kitaifa wa 2018 uliweka maambukizi ya HIV Kisumu kwa asilimia 17.5 ya watu wazima. Waliookolewa na ARV miaka ya 2000 sasa wanazeeka. Virusi hivyo vinaweza kugusa ubongo. ARV zimefanya hali mbaya kabisa kuwa nadra, lakini matatizo madogo ya kumbukumbu na umakini bado yanaonekana hata kwa wanaotumia dawa vizuri. Mji wenye historia yetu hauwezi kuchukulia ubongo wa wazee kama jambo la Wazungu.

Sasa angalia tulicho nacho tayari. Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii takriban 100,000 nchi nzima, kila mmoja na mkoba wenye mashine ya kupima presha na sukari. Hao watu wako Nyalenda, Manyatta, Obunga. Wanajua nani ni mgonjwa. Wakiongezewa mafunzo ya siku chache na mtihani wa maswali na njiti, kaunti ingekuwa na macho kila mtaa bila kujenga jengo hata moja. Milimani itakuwa kazi ngumu zaidi, kwa sababu mhudumu ataanza kwa kubishana na soja getini. Lakini presha na kisukari havichagui ua uliokatwa vizuri, na familia yenye pesa inayoficha mgonjwa inafika kwa daktari imechelewa kama ile isiyo na nauli.

Ukishajua, halafu?

Tuambiane ukweli: Alzheimer haina tiba ya kuiondoa. Kuna vidonge vya zamani kama donepezil vinavyosaidia dalili kwa baadhi ya watu kwa muda. Kuna dawa mpya, lecanemab, iliyopata idhini kamili Marekani Julai 2023. Inapunguza kasi ya ugonjwa kiasi kwa walio hatua za mwanzo tu, inahitaji picha za ubongo mara kwa mara kwa sababu inaweza kuvujisha damu kichwani, na bei iliyotangazwa ilikuwa dola 26,500 kwa mwaka. Hiyo ni zaidi ya shilingi milioni 3. Kwa hivyo akija mtu na chupa ya mitishamba akisema inaponya Alzheimer kwa wiki mbili, mwache apite.

Basi kujua kunasaidia nini? Kunasaidia mengi.

Kwanza, wakati. Hatua za mwanzo mgonjwa bado anaweza kusema anataka nini: nani asimamie nyumba, shamba la dala ligawanywe vipi, akaunti ya benki ishughulikiwe na nani, na wosia uwe vipi. Tafuteni wakili mapema. Hati ya kawaida ya uwakili hupoteza nguvu mtu akishapoteza uwezo wa kuamua, na hapo familia inabaki na njia ya kwenda Mahakama Kuu kuomba kusimamia mali yake. Ni ndefu, ni ghali, na ndugu wanatoka huko maadui.

Pili, utunzaji nyumbani. Mambo haya hayahitaji pesa nyingi:

- Ratiba moja kila siku. Kuamka, kula, kuoga na kulala kwa saa zile zile kunapunguza hofu.
- Usibishane naye. Akisema anaenda kwa mamake aliyekufa 1978, muulize mamake alikuwa anapika nini. Ukimwambia kila siku kwamba mama alikufa, kila siku anafiwa upya.
- Tibu presha, kisukari, macho na masikio. Mzee asiyesikia huonekana amechanganyikiwa kuliko alivyo.
- Funga mtungi wa gesi ukimaliza kupika. Weka taa ya choo usiku. Ondoa vitambara vinavyoteleza.
- Andika namba ya simu ndani ya nguo yake. Waambie majirani, wahudumu wa boda wa steji na mwenye duka. Aibu haitamrudisha nyumbani akipotea.
- Akianza fujo ghafla, kwanza angalia maumivu, njaa, kiu au choo. Dawa za kumtuliza ziwe za mwisho na kwa ushauri wa daktari, kwa sababu zina hatari kwa wazee.
- Anayemchunga apate siku ya kupumzika kila wiki. Iandikwe kwenye ratiba ya familia kama vile mchango wa mazishi unavyoandikwa.

Hiyo ya mwisho narudia. Kikao cha familia kinaweza kukusanya laki tatu kwa wiki moja kwa mazishi. Kikao hicho hicho kinashindwa kumtumia elfu tano kwa mwezi mjukuu anayeamka mara nne usiku kumbadilishia dani pampasi.

Na serikali je?

Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75. Lakini kazi kubwa ya dimenshia hailali wodini. Iko nyumbani, miaka mitano, kumi, na aliyeshika kazi hiyo halipwi na mtu. Mzee wa miaka 70 aliyeandikishwa Inua Jamii anapata shilingi 2,000 kwa mwezi. Jaribu kumwajiri mtu wa kumwangalia mgonjwa mchana na usiku kwa hizo.

Madaktari bingwa wa ubongo na neva nchini ni wachache na wengi wako Nairobi. Hapa mjini tuna hospitali ya Jaramogi, ile ambayo wakazi bado wanaiita Russia, na kuna hospitali za kibinafsi kwa mwenye uwezo. Hatuwezi kungoja kila mgonjwa aonwe na bingwa. Daktari wa kawaida akifunzwa vizuri anaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi hii, kama tulivyofanya na HIV.

Kwa hivyo anayekuja kuomba kura yako mtaani, muulize maswali matatu. Wahudumu wa afya ya jamii watafunzwa lini kuhusu dimenshia? Jaramogi itakuwa na kliniki ya kumbukumbu yenye siku maalum inayojulikana? Anayemchunga mgonjwa nyumbani atasaidiwa na nini? Akianza kuongea kuhusu barabara, rudia swali.

Wewe mwenyewe

Ripoti ya jopo la jarida la Lancet ya mwaka wa 2024 ilisema karibu asilimia 45 ya visa vya dimenshia duniani vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa kama mambo 14 yangeshughulikiwa. Mengi yanaanza ujanani: elimu duni, presha, kisukari, sigara, pombe nyingi, kutofanya mazoezi, upweke, moshi, masikio mabovu. Na kuumia kichwa. Kama unapanda boda kutoka Kondele hadi Milimani bila helmeti kwa sababu ni dakika chache, hiyo iko kwenye orodha.

Kama kuna mzee nyumbani unayemshuku, fanya hivi wikendi hii. Chukua daftari. Andika tarehe ulipoona mabadiliko ya kwanza, mifano mitano ya vitu alivyoshindwa, dawa zote anazokunywa pamoja na za mitishamba, na kama amewahi kuanguka. Alimenyeka au alikasirika kwa nini, andika pia. Daftari hilo ndilo utakalompa daktari, na litamsaidia kuliko sentensi yoyote utakayoikumbuka ukiwa kwenye foleni. Jumatatu, mpeleke. Ukiambiwa ni uzee tu na hakuna hata kipimo cha damu kilichofanywa, omba kwa heshima aonwe na daktari mwingine.